Alama za Mama

Kila baada ya saa nne naandika daftarini:
saa, kipimo, alama.
Daftari ni lake, la miraba, lilibaki
alipostaafu kufundisha hesabu hapa Gyumri,
na pambizo lake jekundu bado linanikodolea macho
kana kwamba nimekosea kitu.

"Sifuri hadi kumi, mama. Sasa hivi ni ngapi?"
Hufumba macho. Hukokotoa.
"Sita na robo."
Muuguzi Hripsime hucheka. Hajapata kuona
mtu anayeugua kwa sehemu.

Kemo ya sita hawakuimaliza. Daktari aliniita kando,
akaongea na viatu vyake:
imeshaingia mifupani, sasa tutibu maumivu.
Nami nilidhani maumivu ni kivuli tu cha ugonjwa.
Kumbe ni mpangaji mwenye funguo zake mwenyewe,
huingia kwa mlango wa kiuno, saa tisa za usiku,
hapigi hodi.

Dawa zile nazo ziliacha deni.
Nyayo zake huwaka, kisha hufa ganzi, kwa zamu;
kijiko cha chuma kilicholala baridi humng'ata vidole.
Namlisha kwa kijiko cha mbao, mtindi vuguvugu,
maana mdomo wote kidonda.
Siku ya nne bila choo nilimsaga plamu kavu,
tukakaa tukisubiri kama watu wa stesheni.
Theluji imefika dirishani. Jiko linakohoa.
Nahesabu kuni na vidonge kwa mkono uleule.

Jirani Satenik alileta supu, na ushauri juu yake:
"Mofini, binti yangu? Atakuja kuizoea."
Miaka sabini na mitatu. Kilo arobaini na moja.
Nikamwambia ahsante kwa supu.

Kaka yangu Aramayis hupiga simu kutoka Krasnodar.
Anakula? Analala? Pesa zimefika?
Haulizi anaumwa kiasi gani.
Swali hilo, nadhani, halivuki mpaka.

Basi usiku ule mama aliuma ncha ya mto,
kucha zikatoboa shuka,
jasho likamtiririka chumba kikiwa baridi ya kuganda,
nikauliza, naye akajibu:
"Saba."
Karatasi ya hospitali ilisema: dozi ya ziada
kuanzia nane.
Nikasubiri nane.
Mungu anisamehe, nilikaa na saa mkononi
nikisubiri nane.

Asubuhi, duka la dawa. Theluji ikiyeyuka buti zangu.
Kijana wa kaunta alisoma jina kwenye cheti,
akalisoma tena.
"Mwalimu Arshaluys? Alinifundisha.
Mtihani wa mwisho nilipata yote, akanipa nane.
Nikamfuata nikilia. Akasema:
kumi huwekwa akiba, Varazdat,
huwezi kujua kesho atakuja nani."

Alinirudishia chenji, nikaiacha palepale.

Wiki saba za saba. Wiki saba
nilisoma mwandiko wa mama yangu
nisijue kuwa kumi haimo katika lugha yake,
kwamba alikuwa ameiweka kabatini, imekunjwa,
kwa ajili ya mgeni ambaye hajafika.

Hripsime hakucheka safari hii.
Alipiga simu, akasubiri, akabishana, akapewa.
Dozi ikapanda. Jioni mikunjo ya paji la uso
ililegea mmoja mmoja,
akalala mdomo wazi, akikoroma vibaya,
nami nikakaa kulisikiliza koromo lile
hadi kuni zikaisha.

Alipoamka nikauliza.
"Tatu," akasema. Hakuongeza robo.
Nikaandika tatu.
Kisha, pembeni, kwa penseli, hafifu, asione,
nikaongeza mbili.

Aliona.
Alilivuta daftari, akalisogeza karibu na pua,
akatazama hesabu yangu kwa muda mrefu.
Hakuifuta.